Nyota Mwishoni mwa Mstari

Mwaka 2000 treni ya Kabalo ilikuwa imesimama, nami nilikuwa na diploma ya kompyuta bila kompyuta. Mama alikuwa amefariki Manono mwanzoni mwa vita, na majirani wengi walikuwa wamevuka ziwa kukimbilia Kigoma. Nilibaki na fotokopi ya kitabu cha Kifaransa kinachofundisha UML, lugha ya kuchora mfumo wa kompyuta kabla ya kuujenga. Kila kitu ni sanduku, na uhusiano ni mstari. Mwishoni mwa mstari unaandika idadi: 1, au nyota, yaani wengi.

Nilijifunza kwa kuchora na makaa ukutani sebuleni. Kitabu kilikuwa pia na mtu wa vijiti, alama ya mtumiaji wa mfumo. Nilipomchora mara ya kwanza nilimsalimia. Siku hiyo sikuwa nimesalimiana na mtu mwingine.

Papa Onésime, mkuu wa biro, ofisi ya kutafuta watoto waliopotezana na jamaa zao, aliniomba nimpangie fishi zake, kadi moja kwa kila mtoto.

"Kompyuta itakuja," alisema. "Weye chora kwanza."

Nilichora ukutani sanduku la Mutoto, sanduku la Mama, na mstari kati yao wenye 1. Hivyo kila fishi ikawa na nafasi ya mama mmoja. Mtoto ambaye mama yake amekufa aliingia kwenye orodha ya yatima. Orodha hiyo ilikuwa ivuke kwenda Kigoma, waliko watoto wenyewe, Alhamisi saa sita, na yatima wangehamishiwa kambi za mbali.

Alhamisi asubuhi mwanamke mmoja aliisoma orodha iliyobandikwa mlangoni, akaingia bila kubisha.

"Miye Adolphine. Huyu Sifa njo mutoto wangu. Mumemuandika yatima juu ya nini?"

Nilitazama fishi. "Mama yake ni Virginie, Mama. Amekufa."

"Virginie njo mudogo wangu. Nilimuzika miye."

"Basi weye uko tante yake."

Alinikazia macho. "Tante njo dada ya baba! Miye niko mama. Weye ulizaliwa na kitabu?"

"Fishi iko na nafasi ya mama moja tu."

"Nani alikata ile nafasi?"

"Ni miye, Mama," nikasema.

Nilifuta jina la Sifa kwenye orodha, nikabana jina la Adolphine kando ya la Virginie kwenye fishi, nikakimbia bandarini. Djafari, mwenye boti, alikuwa ameshafungua kamba.

"Papa Biro! Leo kompyuta yako imeota miguu?" alinicheka, lakini alizipokea karatasi.

Jumanne jibu lilirudi kutoka Kigoma: Sifa hakuhamishwa. Alikuwa ameuliza kama mama yake Adolphine bado anakohoa.

Nilirudi nyumbani nikaifuta ile 1 kwa kiganja, nikaweka nyota. Chini yake kulikuwa na mchoro mwingine, wa mazoezi: sanduku lenye jina langu, mstari, 1, na sanduku la Mama nililolipiga msalaba.

Mimi mwenyewe nililelewa na mama wawili. Mama Godelieve, dada mkubwa wa mama, bado yuko hai huko Pepa. Tangu mazishi sikuwa nimemwandikia hata neno.

Niligeuza ukurasa wa mwisho wa fotokopi, upande mweupe, nikaandika: "Mama."