Sleji ya Mzee Aboud

Barafu ilipoifunga Dallas, Shuaib alijiona mjanja. Ghala analofanyia kazi kule Euless hupeleka Alaska sleji za mizigo, yale mabeseni marefu ya plastiki nzito yanayokokotwa nyuma ya pikipiki za theluji. Moja ilikuwa na mkwaruzo, meneja akamwachia, naye akaitupa nyuma ya pikapu yake akisema barabara zikiharibika atakokotea maji na kuni. Hakujua kwamba ndiyo itakayompeleka baba yake.

Mzee Aboud alifariki alfajiri, nyumbani Cedar Hill. Kabla jeneza halijatoka, mkewe, Bi Mwatime, alimshika mkono mwanawe.

"Baba'ako hakuacha jeneza lipite bila kutia bega, hata la asiyemjua. Leo yeye ndiye wa kubebwa. Umbebe, mwanangu."

"Inshallah, Mama."

Gari la maiti likakwama kwenye geti la makaburi. Kutoka hapo mpaka kaburini ni mteremko, na siku hiyo ulikuwa barafu tupu. Wakajaribu kubeba. Hawajafika mbali, jirani yao Shaame akateleza, jeneza likayumba, na ile "La ilaha illallah" iliyowatoka watu ilikuwa ya hofu zaidi kuliko ya dua.

"Tu-wait kidogo," Shaame alisema akijipangusa magoti. "Hapo ofisi ya makaburi kuna mchanga. Tunamwaga, tunashuka polepole. Hakuna rush."

Shuaib vidole vilikuwa vimemfa ganzi. Tusimpambe: hakumfikiria marehemu, alifikiria joto la ndani ya pikapu yake.

"Ninayo sleji," alisema. "Imetengenezwa for this."

Mtoto wa marehemu akishasema, nani ambishie? Wakaliweka jeneza ndani, wakalifunga kwa mikanda, Shuaib akashika chuma cha kuvutia. Kilichomuumiza ni kwamba ilikwenda vizuri mno. Haikukwama wala haikupinduka. Ilishuka na baba yake kama inavyoshuka na mapipa ya petroli huko Alaska, na wanaume wazima wakafuata nyuma mikono mitupu, hawajui waiweke wapi.

Walipomaliza kuzika, Shaame alisema ya makaburini yabaki makaburini, akina mama wasiambiwe. Wote wakaitikia, na Shuaib aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Nyumbani, Bi Mwatime alikuwa amekaa mkekani, ameshaanza eda.

"Mmemfikisha?"

"Tumemfikisha, Mama."

"Ulimbeba?"

Hapo angeweza kusema. Maneno alikuwa nayo: barafu, mteremko, Shaame alivyoanguka. Yote yalikuwa kweli. Lakini na ule mchanga ulikuwa kweli.

"Nilimbeba."

Bi Mwatime akalia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akaagiza mafuta ya habasoda yapashwe moto, akamvuta mwanawe akae mbele yake.

"Alikuwa mzito baba'ako. Lazima pamekuvimba. Hebu vua shati."

Shuaib akavua. Mama akaanza kumsugua bega la kulia, taratibu, akitafuta mahali palipoumia.

"Ni hapa? Au lile la pili?"

"Yote mawili, Mama," alisema Shuaib, naye Bi Mwatime akamimina mafuta mengine.