Matumbo ya Chotara

Mungai alifuga samaki nyuma ya nyumba yake Dagoretti, lakini hakuwahi kumpasua hata mmoja. Kwao hawakula samaki. Babake aliwaweka kundi moja na nyoka. Mungai mwenyewe alizalisha chotara, dume wa ziwani na jike wa mto unaotoka msituni, na aliwapima kwa jicho la mfuga mbuzi: mwenye tumbo kubwa ndiye bora.

Peres, mke wa mwanawe Quincy, alitoka Siaya kando ya ziwa, kwa wala samaki. Siku ya kuvua kwa mara ya kwanza, Peres alikuja na kisu chake.

"Baba, hii si mafuta," alisema, akiwa amechuchumaa juu ya ubao.

"Ni mayai."

"Mayai gani inatambaa?"

Mungai aliinama. Tumboni mlijikunja minyoo myeupe, bapa, mirefu kama kamba za viatu. Peres alipasua wa pili, kisha wa tatu.

"Na walikuwa wanaogelea vizuri tu," Mungai alisema polepole. "Tulifunzwa kwa semina. Chotara mwenye nguvu hubeba mnyoo bila kufa. Ndege akimla, mnyoo unakomaa ndani yake, na mayai yanashuka majini na kinyesi."

"Sasa ulifunzwa na hukupasua?"

"Nani angepasua? Mama Quincy hataki hata harufu."

Peres alicheka kidogo, akaacha alipoona uso wake. "Tutawazika, Baba. Tumwage maji, tutie chokaa. Utaanza upya."

"Wanono zaidi hawako hapa."

"Wako wapi?"

"Aprili niliwapeleka mtoni, kule msituni. Ndoo nzima. Mzee Lazarus wa kanisa aliwaombea. Nilitaka mto upate mbegu nzuri."

Peres aliweka kisu chini. "Basi twende na wavu."

Walipanda hadi pale maji yalipokuwa bado safi. Samaki wadogo wa mto, ambao tangu utoto wake Mungai aliwajua kama vivuli chini ya mawe, walikuwa juu mchana kweupe, wakielea ubavu, matumbo yamewavimba. Aliokota mmoja. Ngozi ilikuwa imevutika kama ngoma. Chini yao chotara wa Mungai walipita na mistari yao ubavuni, wanene, watulivu, bila dalili yoyote.

Mungai aliingia majini na viatu vyake. Akatupa wavu, akautoa na matope. Akatupa tena.

"Baba, toka. Hutawamaliza."

"Nikimpata kila mmoja—"

"Wameshazaa. Angalia wale wadogo wana mistari kama ya wako."

Aliangalia. Walikuwa kila mahali.

Ng'ambo, kulastara, ndege wa miguu mirefu, alikuwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi, akiokota wagonjwa mmoja mmoja bila haraka. Mungai alimrushia jiwe, halafu lingine. Ndege alimeza, akapaa juu ya miti, akaelekea bonde la pili, ambako kulikuwa na mto mwingine.