Nimekosa, Nirudishie

Wasimamizi wa ile tovuti ya sataranji walinijibu kwa adabu, kama mtu anavyoongea na kichaa mwenye panga. Pendekezo langu geni, walisema, lakini watalijaribu. Nilete mwenzangu, tucheze mchezo mmoja huku wao wakitazama. Kanuni ikifanya kazi, wataiweka kwenye tovuti watu wote waicheze.

Kanuni yenyewe ni ya baba. Utotoni, mimi na mdogo wangu kila mchezo tuliumaliza kwa ngumi, ubao juu chini. Baba akachoka, akaamua: aliyeliwa kete anaweza kusema, mara moja tu katika mchezo, "Nimekosa, nirudishie." Akisema, mwenzake anarudisha, na hakuna kununa. Ila lazima aseme maneno yote mawili. Mdogo wangu, na shingo yake ngumu ile, alikuwa anasema huku anatazama dari.

Nilishajua nitamwita nani. Tulikuwa hatusemezani tangu msiba. Baba aliugua mwaka mzima, nafunga saluni kwenda kumgeuza kitandani, na yeye kila nikimpigia simu, "Kazini kumebana, dada." Kumebana! Hata kuzika hakuja. Nilichotaka kwake ni maneno yale mawili ya baba, hata kwa kubonyeza kitufe walichokiweka wasimamizi. Nikamwandikia: "Njoo tucheze mchezo wa baba." Akajibu, "Sawa." Jamani, nilifurahi kama mjinga.

Tulicheza mchana, kila mtu kwenye simu yake. Saluni ilikuwa na mteja mmoja, yuko chini ya kikaushio. Mdogo wangu alianza vizuri, kisha akajisahau, akamwacha malkia wake bila ulinzi. Nikamla. Hapo najua upande wake kitufe kimewaka, na maneno ya baba yameandikwa juu yake.

"Bonyeza," nikaiambia simu. "Bonyeza basi, mdogo wangu, nikurudishie malkia wako, na yale mengine yaishe."

"Fundi, kichwa kinaungua!" mteja akapiga kelele.

"Vumilia kidogo!"

Saa yake ilikuwa inakwenda. Taa ya kijani pembeni ya jina lake ilinionyesha kwamba yupo, hajaondoka. Halafu akasogeza askari. Askari! Mtu kapoteza malkia, msaada uko chini ya kidole chake, yeye anasogeza askari! Nilimbana mfalme wake kwa hasira mpaka akakosa pa kwenda. Akaandika, "Hongera, dada," ile taa ikazimika.

Mteja alilipa bila kuniaga.

Jioni jibu likaja. Wasimamizi wameshukuru, wamesikitika, wamekataa. "Tumetazama mchezo wenu mwanzo hadi mwisho. Hiyo kanuni hatukuona mtu akiitumia."

Hata mimi sikuona.