Mtungi wa Mwalimu Mkuu

Mke wangu aliponiachia chura wake kwa siku sita, nilicheka. Mimi ni fundi friji. Miaka thelathini nimepoza nyama, soda, dawa za zahanati, hata keki ya harusi ya ghorofa nne. Chura mmoja anayeenea kwenye kiganja angenishinda nini?

Chura mwenyewe anaitwa Mwalimu Mkuu. Mke wangu alifundisha baiolojia mpaka akastaafu, na siku ya kuagwa aliondoka maabara na chura wa mwisho, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa mbele ya darasa. Akampa jina hilo kwa sababu ana kitambi, ana macho ya kutokeza, anakaa siku nzima bila kufanya lolote, na ukimsogelea anakutazama kama wewe ndiye uliyechelewa. Miaka mitatu tulikuwa tumekaa naye na hakuwahi kutoa sauti. Kila jioni mke wangu huketi kando ya tangi lake la kioo akamwimbia, akimbembeleza ajibu. Cheka ukitaka. Tangu aache kazi, huyo Mwalimu Mkuu ndiye mwanafunzi pekee aliyembakia.

Sasa binti yetu alikuwa amejifungua, na bibi wa mtoto hazuiliki. Aliniachia karatasi ya maagizo. Maji ya tangi yasizidi nyuzi ishirini na nne. Maji ya bomba yasitiwe kabla hayajalala siku nzima, dawa itoke.

"Nikirudi nikakuta amekufa, sitakulaumu," aliniambia mlangoni. "Nitanyamaza tu."

Kelele za mke wangu nazimudu. Kimya chake sikiwezi.

Tukabaki watatu: mimi, Mwalimu Mkuu na mama mkwe. Mama mkwe tangu aje kukaa nasi alikuwa hajaonja tone la maji ya friji yangu. "Maji yanayong'ata meno si maji, ni ugomvi," husema, kisha huchota kwa kata kwenye mtungi aliorithi kwa mama yake, ulioko kwenye korido. Mtungi huo hauguswi na mtu. Fundi mzima nikawa nadharauliwa na udongo! Na huyo chura, mama mkwe hakuwahi kumsemea neno jema. "Mimi chumba cha nyuma, chura sebuleni," alikuwa akisema. "Haya bwana."

Siku ya nne jua liliwaka kama lina kisasi. Kila nyumba ikawasha feni, na kabla ya saa sita umeme ukasalimu amri. Feni niliyoielekeza kwenye tangi ikazunguka polepole, ikasimama. Nikakodolea macho kipima joto. Ishirini na sita. Ishirini na nane. Thelathini. Mwalimu Mkuu alijibandika kwenye kioo, koo likimpiga mbiombio.

Nikakimbilia karakana yangu, uani. Friji saba zilikuwa zimesimama kimya, lakini ndani ya moja nikapata bonge la barafu. Nikarudi mbio, nikalitumbukiza zima zima ndani ya tangi. Kipima joto kikashuka mpaka kumi na moja, nami nikajipongeza kwa sauti.

Ndipo nikaona koo halichezi tena. Miguu ameikunja, macho ameyafumba nusu. Nikamgusa kwa kidole, akalala ubavu.

"Mama!" nilipiga ukelele.

Mama mkwe akatokea, kata mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana ulimi ukiogopa hauna akili.

"Marahaba. Umefanya nini?"

"Nimempoza."

"Umempoza au umemgandisha?" Akachungulia. "Si wewe unayewagombeza wateja kila siku kwamba sufuria la moto lisiingizwe kwenye friji, lipoe kwanza? Sufuria linaonewa huruma, kiumbe haonewi?"

Maneno hayo nimeyasema mara elfu.

"Na barafu hiyo ni ya maji gani?"

"Ya bomba."

"Yalilala?"

"Hayakulala, mama."

"Mfinyanzi hulia gaeni," akasema. "Fundi friji, na nyumba yake inatokota."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaenda kwenye mtungi wake, akaushika shingo.

"Nisaidie kumimina."

"Mtungi huu, mama?"

"Kwani uko mwingine? Maji yake yamelala tangu jana."

Tukamimina maji kwenye ndoo, tukabakiza kina cha vidole vinne mtungini. Akaweka kipande cha tofali safi ndani ya mtungi, akamchukua Mwalimu Mkuu kwa mikono yake mitupu, akamlaza juu ya tofali, nusu majini. Tukajaza karai mchanga, tukasimamisha mtungi juu yake pale upepo unapopita kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, tukauzungushia gunia. Yale maji yake ya kunywa yaliyokuwa ndooni tukaanza kuyamwagia gunia na mchanga.

"Mtungi unatoka jasho," alisema. "Jasho likikauka, linaondoka na joto. Hauna gesi, hauna waya."

Nilitaka kucheka na nikaona aibu. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa chuoni: maji yakikauka huchukua joto. Miaka yote hiyo nimempita fundi mwenzangu kwenye korido bila kumsalimu.

Tukaketi kwenye vigoda, yeye kule, mimi huku, tukinyunyiza gunia kwa zamu. Niliogopa kweli, na nikamwambia hivyo.

"Hata mimi," alisema. "Mwanangu alipostaafu, nyumba hii ilikuwa kimya mpaka masikio yananiuma. Huyu ndiye aliyemrudisha kuimba. Sura yake siipendi, lakini nyimbo zile nazisikia mpaka chumba cha nyuma."

Ilipita karibu saa nzima. Mara, kutoka tumboni mwa mtungi:

"Kroooo!"

Udongo uliikuza sauti hiyo mpaka madirisha yakaitikia. Mama mkwe aliruka, kata ikamdondoka. "Eti kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji!" alisema akishika kifua. "Mimi zimeniangushia kata!" Tukacheka mpaka machozi, mkwe na mkwewe, tumesahau kabisa kuoneana haya.

Simu ikalia. Mke wangu.

"Mwalimu Mkuu hajambo?"

Nikaipeleka simu kwenye mdomo wa mtungi.

"Kroooo!"

Upande wa pili ukawa kimya. Kimya kile kile ninachokiogopa. Kisha nikamsikia akivuta pumzi, na kwa sauti inayotetemeka akaanza wimbo wake wa jioni, kichanga kikilia nyuma yake. Mwalimu Mkuu akamjibu. Akaimba tena, akajibiwa tena. Mimi na mama mkwe tuliinamia mtungi huku tunalia waziwazi, na hakuna aliyejificha.

Simu ilipokatika, mama mkwe aliokota kata yake, akatazama ndoo tupu.

"Sasa mimi nakunywa nini?"

Friji yangu ya jikoni sikuwa nimeifungua tangu asubuhi. Nikatoa chupa, bado baridi, nikamjazia glasi kwa mikono miwili. Akanywa funda moja, akakunja uso, akashika shavu.

"Yana ugomvi," alisema. Kisha akanyoosha glasi. "Ongeza."