Kiingereza cha Baudouin

Baudouin alisoma Kiingereza wiki chache tu mjini Mbarara, akarudi kambini Nakivale kichwa kimevimba. Mkewe Marie akimsalimu kwa Kiswahili, yeye humjibu kwa Kiingereza. Hata alipofukuza mbuzi, aliwafukuza kwa Kiingereza.

Mimba ya Marie ilikuwa bado changa ilipoanza kumsumbua, wakaenda kwa daktari Mbarara. "Wewe utanyamaza," Baudouin alimwonya. "Mimi nitasema."

Viwakilishi ndivyo vilivyomwangusha. Kwetu "yeye" ni mwanamume, ni mwanamke, basi. Kiingereza kina "he" ya mwanamume na "she" ya mwanamke, na bwana huyu hakuwahi kuzitofautisha. Akamwambia daktari kwamba "he" ana mimba. Daktari aliposhangaa, Baudouin akabadilisha, akasema "I", yaani mimi, huku akijigonga kifua.

Daktari alikitazama kitambi chake. "Mzee, wewe ndiyo iko na mimba?"

Muuguzi aliangua kicheko. Marie hakucheka, mgongo ulikuwa unamuuma. "Papa Nabintu, toka inje," alimwambia mumewe. "Mimba ni yangu, nitaisema mwenyewe."

Akaeleza yote kwa Kiswahili. Daktari akamwelewa, akampima, akampa dawa. Mtoto alikuwa salama.

Njiani kurudi, waliposhuka garini Rwekubo, karibu na kambi, Baudouin aliwatangazia wenye maduka kwamba madaktari wa Mbarara hawajui Kiingereza. Marie alinunua ndizi mbivu, akazila zote peke yake.