Darubini ya Baba Mkwe

Miguu ya darubini ilikwaruza tena sakafu ya baraza. Gwantwa, aliyekuwa jikoni akisuuza sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, akajua baba mkwe wake anaihamisha kwa mara nyingine. Ataipeleka karibu na migomba, atainama, ataguna, kisha atairudisha palepale. Imekuwa hivyo kila jioni tangu mzee Sadoki aliponunua kile chombo Tunduma, kwa Mzambia mmoja aliyekuwa akihama.

Mzee Sadoki alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka yote ya kazi alichora sayari ya Zohali ubaoni kwa chaki, na pete yake, wala hakuwahi kuiona ila katika picha. Sasa mvua zilikuwa zinakaribia milima ya Ileje. Mawingu yakishatanda, basi, hadi mwakani.

Gwantwa naye hakutulia. Alikuwa bado mgeni katika nyumba hii. Mumewe, Shadrack, alifanya kazi ya kutoa mizigo mpakani na alirudi kwa nadra. Kilichomkera zaidi ni kwamba aliijua kasoro ya darubini ile. Sekondari, yeye ndiye aliyekuwa akitunza ya shule yao. Lakini angemwambiaje? Katika ukoo wa mumewe, mkamwana hamsogelei baba mkwe wala hasemi naye ana kwa ana. Baba akiingia kwa mlango huu, yeye hutokea ule.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, Roda, "mwambie baba ile darubini ndogo ya kulengea, iliyo mgongoni mwa kubwa, imekaa upande. Akilenga nyota kwa hiyo ndogo, kubwa inaangalia kwingine."

Roda akatoka, akarudi. "Anasema yeye si mtoto."

Kesho yake mzee alipokwenda kwenye shamba lake la kahawa, Gwantwa alifagia ua, akaufagia tena, kisha akashindwa kujizuia. Akaielekeza darubini kubwa kwenye mnara wa simu ulio juu ya kilima cha ng'ambo, mpaka ncha ya mnara ikakaa katikati, kichwa chini miguu juu, kama darubini za aina ile zinavyoonyesha. Halafu akakaza na kulegeza skrubu za ile ndogo hadi alama yake ya msalaba ikagusa ncha ileile. Alipomaliza, akapangusa alama za vidole vyake. Ameshika kitu cha baba mkwe bila ruhusa.

Mzee alirudi, akachungulia ndogo, akachungulia kubwa. Akaingia ndani. Mchana ule wote Gwantwa alikosa pa kukaa.

Giza lilipoingia, sauti ya mzee ikasikika uani. "Mama Shadrack, muulize huyo aliyeigusa, nianzie wapi?"

Roda akasimama mlangoni, katikati yao.

"Aanze na lenzi inayokuza kidogo," Gwantwa akasema kutoka jikoni. "Ile ya nguvu inaonyesha kipande kidogo mno cha anga. Kisha atafute karibu na utosi wa anga nyota ya manjano isiyometameta; hiyo ndiyo Zohali."

"Weka lenzi ya kukuza kidogo, tafuta ya manjano," Roda akafikisha.

"Zote zinametameta."

"Anasema zote zinametameta."

Mwishowe mzee akazunguka nyuma ya nyumba ili Gwantwa apate nafasi ya kutoka. Gwantwa akalenga, akaipata, akaiweka katikati, akakimbilia jikoni. Mzee akaja, akainama.

"Hakuna kitu."

Ilikuwa imeshapita. Dunia inazunguka, na darubini ile haikuwa na mota ya kuifuata nyota. Wakarudia. Mzee nyuma ya nyumba, Gwantwa uani. Gwantwa jikoni, mzee uani. Kila mara Zohali ilikuwa imeshaondoka, na upande wa Malawi mawingu yalikuwa yanapanda.

"Mimi nimechoka," Roda akasema. "Semezaneni wenyewe."

Mzee akakohoa. "Mwambie asiondoke. Abaki hapohapo aishike."

Roda hakumwambia mtu. Hapakuwa na haja.

Gwantwa akabaki, uso ameuelekeza kwenye migomba, mkono mmoja kwenye darubini. Safari hii alikuwa ameitanguliza mbele kidogo ya Zohali, ili sayari yenyewe itembee na kuingia. Mzee akasogea. Gwantwa alisikia pumzi yake, na harufu ya moshi katika koti lake.

"Inaingia," mzee akanong'ona. Kisha, baada ya kitambo, "Binti. Mbona pete ni nyembamba hivi? Kama shanga iliyochomwa sindano."

Hakuwa amemtuma Roda. Gwantwa akajibu, uso bado kwenye migomba. "Mwaka huu imetugeuzia ukingo, baba. Miaka inayokuja itafunguka."

"Mimi nilikuwa naichora pana."

"Hukukosea, baba. Hubadilika."

Mzee alibandua jicho, akalibandika tena, akaomba isogezwe, ikasogezwa.

"Na mimi?" Roda akauliza mlangoni. "Nimebeba maneno yenu jioni nzima."

Mzee akaruka pembeni kumpisha, lakini Roda alipoinama aliona weusi mtupu. Wingu lilikuwa limefika utosini.

"Ngoja kidogo, mama, litapasuka," Gwantwa akasema, ingawa hakuwa na hakika. Roda akavuta kigoda, akajifunika kanga mabegani. Baridi ilikuwa kali. Mzee na mkamwana wake hawakuweza kuketi. Walisimama, huyu upande huu wa darubini na huyu upande ule, wakitafuta angani mahali penye mwanya.

"Pale," mzee akasema.

"Hapana, baba. Huku."