Ving'ora vya Ubingwa

Kila Septemba ikifika, hapa Chicago hakosekani mtu wa kusimulia kisa cha ving'ora huku amejishika mbavu. Jinsi Soksi Nyeupe walivyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1959 baada ya miaka arobaini ya kiu, jinsi mkubwa mmoja wa jiji alivyoona furaha ile inastahili kupigiwa ving'ora vya vita, na jinsi watu walivyojificha chini ya vitanda wakidhani Warusi wamefika. Watu hucheka. Mimi sicheki. Mtu akinianzishia kisa hicho mezani, nainuka naenda zangu.

Baba yangu, Feliksas, alikuwa na wazimu wa timu ile, na wazimu wenyewe ulikuwa wa kuazima. Tulifika mtaa wa Bridgeport mwaka 1949, wakimbizi wa Kilithuania tuliopitia Ujerumani, naye hajui hata besiboli inachezwa na watu wangapi. Baada ya miaka mitatu ya kuchinja nguruwe mchana na kusikiliza redio jioni, alikuwa akisimulia aibu ya 1919, wachezaji wanane walipouza fainali, kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. Machozi kabisa. Mwaka huo wa 1919 baba alikuwa mtoto, anachunga mabata kijijini kwao.

Chumba cha juu tulimpangishia Bwana Lindkvist, fundi wa mashine za kuchapa, mzaliwa wa Kaskazini ya jiji na shabiki wa Dubu Wadogo, timu ya pili ya jiji, iliyozoea kushika mkia. Baba alimwita Mbuzi, kwa sababu ya ile hadithi ya mwenye baa aliyefukuzwa uwanjani kwao pamoja na mbuzi wake, akailaani timu. "Mbuzi, habari za mkiani?" ndiyo ilikuwa salamu ya kila asubuhi. Miaka minne hakumruhusu kula mezani kwetu. Mama alimpelekea supu kwa mlango wa nyuma.

Mama aliitwa Elzbieta. Kule Ujerumani bomu lilituangushia nyumba tukiwa tumejificha chini yake. Baba alikimbia kutoka kiwandani akipita kwenye moto, akachimba kwa mikono hadi kucha zikang'oka, akamtoa mama, akanitoa mimi. Mdogo wangu Algis alimtoa akiwa amekwisha kufa. Tangu siku hiyo mama alishika jambo moja tu hapa duniani: king'ora kikilia, Feliksas atakuja. Baba mwenyewe alimwapia hivyo. Na tulipohamia Chicago akamfundisha: kikilia Jumanne asubuhi ni majaribio, endelea na kazi zako. Kikilia usiku usiulize, shuka chumba cha chini ya nyumba, mimi nakuja.

Siku ile ya ubingwa timu ilikuwa ugenini, Cleveland. Kabla ya kwenda kwa Norkus, baa iliyo mitaa miwili kutoka kwetu, baba alichomoa waya wa redio ya jikoni. Alikuwa ameshapiga hesabu zake: mara tatu mfululizo mama na mimi tulipowasha redio, timu ilifungwa. Basi sisi tulikuwa na mkosi.

"Leo msiiguse," alisema. "Hata kwa kidole. Mkitaka habari nitawaletea mwenyewe."

"Na wakifungwa bila sisi kusikiliza?" nikamuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mdomo wangu haukuwa na breki.

"Basi mtakuwa mmewawazia."

Bwana Lindkvist naye juu alikuwa amezima yake. Heri akae na ukimya kuliko kuwasikia Soksi Nyeupe wakishinda. Kwa hiyo nyumba yetu nzima, katikati ya Bridgeport, haikujua lolote.

Saa nne na nusu usiku kikalia.

Mama alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi wima, akazima jiko, akanishika mkono na kuniburuta hadi chumba cha chini kama nina miaka minne. Hakupiga kelele. Alinikalisha pembeni penye nguzo, akanifunika kwa mwili wake, nikausikia moyo wake ukinigonga mgongoni. Mara mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bwana Lindkvist, na soksi miguuni, ndoo ya maji mkono mmoja na blanketi mkono mwingine.

"Mama, msiogope," alisema, meno yakigongana. "Nimefunga gesi. Nimefungua madirisha. Mzee yuko wapi?"

"Yuko njiani," mama akajibu.

Ving'ora vililia dakika tano. Vikanyamaza, nasi tukangoja. Mama hakuyaondoa macho kwenye ngazi. Kila gari lililopita aligeuza sikio. "Anapitia uchochoro," aliniambia. "Barabara kubwa itakuwa inawaka." Baadaye akasema, "Labda anamsaidia mtu." Baadaye hakusema kitu.

Ilipopita nusu saa nikasikia honi, kisha watu wanaimba. Nilipanda juu mama akinivuta gauni. Nje, mtaa mzima ulikuwa barabarani. Mwanamke wa nyumba ya pili alikuwa anapiga sufuria kwa mwiko.

"Tumechukua, Genute! Tumechukua ubingwa!"

"Na ving'ora?"

"Si ndiyo shangwe yenyewe, mwanangu!"

Nilirudi chini nikawaambia. Bwana Lindkvist alikaa juu ya ndoo yake, akajifunika uso. Mama alitikisa kichwa.

"Ingekuwa hivyo baba yako angekuja kuniambia."

"Mama, watu wanacheza nje."

"Atakuja mwenyewe. Akija nitatoka."

Nilikwenda kwa Norkus nikiwa nakimbia, na hadi nafika mlangoni nilikuwa bado namtetea. Nilijiambia ameumia. Nilijiambia amezuiwa na umati. Nikasukuma mlango, na sauti ya kwanza niliyoisikia ni ya kwake.

Alikuwa amesimama juu ya kiti, shati wazi, bia inamchuruzika kwenye kidevu. "Na wangu mimi!" alikuwa anasema. "Wangu sasa hivi yuko chini ya nyumba, kashamaliza rozari mbili! Na Mbuzi yuko uvunguni!" Baa nzima ikaangua kicheko. Yeye alicheka kuliko wote, mpaka akashika bega la Norkus asianguke.

"Baba!"

"Genute! Njoo unywe! Wachezaji wao watatu kwenye vituo, wakapiga, sisi tukawatoa wawili kwa mpira mmoja! Wawili!"

"Mama anakungoja."

"Mwambie atoke, tumeshinda."

"Nimemwambia. Hatoki mpaka uje wewe. Ulimwambia usiku ni kweli. Ulimwambia utakuja."

Mzee mmoja kwenye kaunta akadakia, "Mwache mama wa watu apumzike huko, Feliksas, leo ndiyo utalala kwa amani." Wakacheka tena. Nilichukua jagi la bia lililokuwa mbele yake nikalimwaga lote sakafuni, miguuni pake.

"Ni mita mia tatu," nikamwambia. "Kule ulipita kwenye moto."

Alishuka kwenye kiti. Njia nzima watu walikuwa wanamkumbatia na kumpiga mgongoni.

Mama alikuwa pale pale. Bwana Lindkvist alikuwa amemwekea blanketi mabegani, na alipomwona baba alisimama na kurudi nyuma, ukutani.

"Elzbieta, imekwisha," baba alisema. "Ulikuwa mpira tu. Njoo juu."

"King'ora kilipoanza, ulijua ni nini?"

"Tulijua papo hapo. Mechi ilikuwa imetoka kuisha. Hapakuwa na hatari yoyote, mke wangu, ndiyo maana sikukimbia."

"Na mimi nilijua?"

Baba alipangusa kidevu. "Redio..." alianza, akaacha.

"Nimemwona Algis akitolewa kifusini mara ngapi leo, unajua?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Sikuulizi kwa nini ulichelewa. Nakuuliza hili tu. Kilipokuwa kinalia, uliniwaza?"

"Nilikuwaza," baba akasema upesi. "Naapa. Nilikuwaza wewe kwanza."

Uso wa mama ulilegea. Ningeweza kunyamaza hapo. Angemshika mkono, tungepanda juu, na mimi ningekaa na siri yangu kama watoto wengine wanavyokaa na siri za baba zao. Lakini mama alinigeukia, si kwa kushuku, kwa furaha tu, kama mtu anayetaka kusikia jambo jema mara ya pili.

"Ni kweli, Genute? Ulimkuta ananiulizia?"

Baba alinitazama. Alikuwa ananiomba, nami niliona kabisa kwamba ananiomba. Hasira ya kule baa ilikuwa bado haijanitoka.

"Ni kweli alikuwaza, mama," nikasema. "Alikuwaza, akacheka. Alisimama juu ya kiti akawaambia wote uko wapi, ili wacheke naye."

Juu barabarani walikuwa wanaimba jina la timu. Mama alikunja blanketi mara mbili, kingo kwa kingo, akamrudishia mwenye nalo.

"Bwana Lindkvist," akasema, "nishike mkono. Ngazi hizi sizioni vizuri."

Alimshika. Baba alinyoosha wake pia, nao wakampita, wakapanda polepole, yule mtu wa Kaskazini akimhesabia mama ngazi kwa sauti. Tukabaki sisi wawili chini.

"Umefurahi sasa?" baba akaniuliza.

Nilimwambia ndiyo. Na ilikuwa kweli, nilikuwa nimefurahi, na miaka yote hii sijamsamehe yeye wala furaha yangu ile.